Sindano Nyuma ya Mlango

Juzi mjukuu wangu alinijia na shati lililokatika kifungo. Ni kijana mzima, ana ndevu, anafanya kazi Gilgil, na mkewe alikuwa amesafiri kwao. Alininyooshea lile shati kama mtu anayempa daktari mtoto mgonjwa. Nikamwambia sindano iko ndani ya kikopo na uzi uko kando yake, aketi ashone. Akacheka. "Nyanya, mimi nishone? Na watu wakiniona?" Nikamuuliza ni watu gani hao. Akafikiri kidogo, akasema, "Watu tu."

Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Maskini, alisimama pale na shati lake mkononi, hajui amekosa nini, maana kosa lenyewe halikuwa lake. Watu wamezoea kusema kwamba mimi ni mzee wa hasira. Ni kweli. Lakini hasira hii ina mwanzo wake, na sijawahi kumweleza mtu nyumbani, kwa hiyo naandika.

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua miaka ya hamsini ilipokuwa michanga. Tulikuwa tukiishi Nakuru, kwenye landi za reli, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizojengwa kwa mstari, ukuta wangu ndio ukuta wako. Baba alitoka magharibi kutafuta kazi akiwa kijana, akaandikwa kuunganisha mabehewa kwenye yadi. Mimi nilikuwa darasa la pili. Ndugu yangu mdogo alikuwa ndiyo kwanza anaweza kusema maneno yakaeleweka, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "kwa nini."

Mama tulimzika kwetu, magharibi. Baada ya mazishi wazee waliketi kuamua juu yetu, kwa sababu watu hawakuamini kwamba mwanamume anaweza kukaa na watoto peke yake mjini. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alimtaka yule mdogo. Shangazi hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane mapema. Mama yao alikufa wakiwa wadogo, na ni shangazi aliyembeba baba mgongoni hadi akajua kutembea. Mkononi alikuwa na kovu la moto alilopewa na mama wa kambo. Alisema mbele ya wazee, "Mama wa kambo si mama. Mimi nilionja, mtoto huyu hataonja."

Baba alilia mbele ya watu. Alisema watoto ndio aliobakishiwa na hawezi kuwaachia. Wazee wakamwonea huruma. Wakasema abaki na sisi, ila asiingize mwanamke nyumbani kabla ya kuwaambia, na tusionekane tumevaa matambara kama watoto wasio na mwenyewe. Shangazi akaongeza lake: atakuja Nakuru kuangalia, na hatatuma habari kwamba anakuja. Akikuta mambo yameharibika, atamchukua mtoto.

Sasa, mtoto huyo alikuwa adui wa nguo. Ukimvisha kaptula asubuhi, adhuhuri makalio yako nje. Alipanda kila kitu kilichopandika. Mwanzoni tulisaidiwa na mama mmoja Mkikuyu wa mlango wa tatu, ambaye mumewe alikuwa bawabu wa stoo. Alikuwa amepatana na mama yangu sana. Kila akimaliza kazi zake aliniita nimletee chochote kilichopasuka, akakishona huku akinung'unika kwamba mtoto huyu alizaliwa na meno kwenye magoti.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, na asubuhi moja malori yakasimama mbele ya landi kuchukua watu wa kabila lake. Yule mama alikuwa na koti la ndugu yangu mapajani, la sufu ya rangi ya majivu, amefika nusu ya bega. Askari wakamwambia asimame. Alikuja mlangoni kwetu mbio, akanitupia lile koti likiwa na sindano na uzi unaning'inia, akasema, "Mwambie baba yako amalizie." Sijamwona tena maishani. Sindano yetu ya kwanza tangu mama afe iliingia nyumbani namna hiyo.

Baba alilitundika koti kwenye msumari na halikuguswa. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo unatoka ziwani na lile vumbi jeupe la magadi linalochoma macho, na ndugu yangu anazurura na shati tu. Akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo cha mafua, cha mtoto yeyote, lakini baba alikuwa amesikia kikohozi ndani ya chumba kile mwaka mzima. Mchana mmoja aliamka, maana alikuwa wa zamu ya usiku na alilala asubuhi, akakaa kitandani akimsikiliza. Halafu akaniuliza, "Huko shule mnafundishwa nini ninyi wasichana?"

Nikamwambia tunafundishwa kushona pindo, wavulana wakiwa nje wanalima bustani ya mwalimu.

"Nionyeshe," akasema. Kisha akainuka, akafunga mlango, akatia komeo.

Lazima nieleze lile komeo. Pale landi, mwanamume kushika sindano ilikuwa aibu kuliko ulevi. Na hapa ndipo akili yangu ilikuwa ikigoma tangu utotoni, kwa sababu ukishuka mtaa wa Bondeni ulikuta kila baraza la duka lina fundi wa nguo, naye ni mwanamume, tena mwingine ana masharubu, na hakuna aliyemcheka. Eti yule anatumia mashine. Cherehani ilikuwa ya wanaume na sindano ya mkono ya wanawake, kana kwamba nguo inauliza. Mafundi hao nao hawakutaka viraka vya watoto. Baba alikwenda kwa mmoja, akaambiwa mbele ya wateja, "Mzee, hii si kazi ya fundi, hii ni kazi ya bibi yako." Hakurudi huko.

Lililomfunga zaidi lilikuwa jambo jingine. Kabla mama hajafa, kulikuwa na kapera mmoja mstari wa pili ambaye alionekana akijishonea suruali dirishani. Wanaume wa zamu walimpa jina, wakamwita Bibi Arusi. Aliitwa hivyo kazini, akaitwa hivyo bombani na kwenye kilabu cha pombe, hadi akaomba uhamisho akaenda zake. Jina lile lilitungwa na baba yangu. Mama alimwambia siku hiyo, "Utacheka, halafu utalia." Baba akacheka zaidi.

Basi alifunga mlango. Tukakaa kwenye kitanda chini ya kidirisha cha nyuma, mahali penye mwanga, nami nikamwonyesha jinsi ya kuingiza uzi na kufunga fundo. Vidole vyangu havikuwa na nguvu ya kupenya sufu ile, vyake vilikuwa na nguvu ya kuvunja sindano. Mshono wake wa kwanza ulikwenda upande kama mbuzi aliyeona majani. Alijichoma, akatukana kwa lugha yetu, akanitazama, akaomba msamaha. Alipomaliza alilitazama bega la koti, akasema, "Fumua." Nikafumua. Akaanza tena.

Alishona mchana tu. Mama alikuwa na miiko yake, na mmoja ulikuwa kwamba jua likishatua sindano hailali nje ya kikopo, na baba aliushika mwiko huo kuliko alivyoushika mama mwenyewe. Kwa hiyo kila alipokuwa zamu ya usiku, mchana wake ulikuwa hivi: analala kidogo, anakula, anatia komeo, anashona. Ndugu yangu alikaa miguuni pake akiuliza kwa nini uzi una mate, kwa nini sindano ina jicho na haioni. Baba alimjibu kwa sauti ya chini, na mtoto akacheka, na baba akamnyamazisha akicheka mwenyewe. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tutoke mazishini.

Na alijua kushona, jamani. Mtu anayeunganisha mabehewa gizani bila kukatwa mkono ana subira ya kutosha kwa kiraka. Alitafuta mifuko ya unga, ile ya kitambaa cheupe, akaifua hadi maandishi yakatoka, akaitia kwa ndani ya kaptula ili kiraka kishike. Mishono yake ikawa midogo, imekaa sawa, unaipapasa na kidole huisikii. Kwenye koti lile la majivu alishona vifungo upya, kila kimoja na uzi wa kutosha kuvuta ng'ombe, kisha akashona mfuko mdogo kifuani ambao haukuwapo. Ndugu yangu alitembea na mkono ndani ya mfuko ule siku nzima. Alilala nalo lile koti.

Nilimwambia baba, kwa akili zangu za kitoto, tufungue mlango tupate mwanga zaidi. Akasema, "Mwanangu, nje kuna watu."

Watu nao walikuwa na macho yao. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani waliona mwanamume aliyefiwa na mke anafunga mlango mchana kweupe, wakasikia ndani mnong'ono na kicheko. Wakaona watoto wake wametoka na nguo zilizoshonwa vizuri kuliko za watoto wenye mama. Wakajumlisha. Ikawa wanasema yule mzee ameficha mwanamke. Na maneno ya landi hayakukaa landi, kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu wa reli anayepanda treni kwenda magharibi, na reli ina mdomo.

Shangazi alifika adhuhuri na treni, kikapu kichwani. Alikuta mlango umefungwa. Akabisha. Ndani, baba alikuwa na kaptula ya ndugu yangu mapajani. Alipotambua sauti ya dada yake akawa kama mwizi. Akaificha kaptula chini ya godoro, akatafuta sindano iliyoanguka, akapapasa sakafu nzima asije mtoto akaikanyaga. Huko nje shangazi anabisha na kubisha. Alipofungua, alikuwa amechelewa mno, na jasho linamtoka.

Shangazi hakusalimu. Aliinama akatazama uvunguni. Akatazama nyuma ya pazia. Kisha akamvuta ndugu yangu, akakamata koti, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega na kwenye ule mfuko. Naye alikuwa mshonaji, alijua anachokishika.

"Huu ni mkono wa mwanamke," akasema. "Yuko wapi?"

"Hakuna mwanamke, dada."

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Nguo zenyewe zinasema. Yuko wapi?"

Kufikia hapo mlango ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wameacha ndoo zao, na wanaume waliokuwa wametoka zamu wakasimama nyuma yao wakichungulia. Mimi sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Shangazi, ni baba. Baba ndiye anashona. Hufunga mlango asionekane."

Mlangoni wakaangua kicheko. Shangazi peke yake hakucheka. Alinitazama, kisha akamtazama mdogo wake kwa muda, na nadhani moyo wake ulitaka iwe kweli. Mkono wake ukapanda kwenye ukosi wa gauni, mahali ambapo wanawake wa zamani walichomeka sindano, akaichomoa ikiwa na uzi wake. Akamnyooshea.

"Kama ni wewe, shona. Shona hapa mbele yangu hata mishono mitatu. Nitapanda treni ya leo peke yangu, na mtoto atabaki."

Baba aliitazama ile sindano. Nilimwona akiitazama, na mkono wake wa kulia ukainuka kidogo kutoka kwenye paja. Kisha akatazama mlangoni, nyuso zile zote, na mkono ukarudi.

"Huyu mtoto ana maneno mengi," akasema. "Mimi ni mwanamke nishone? Sijui kazi hiyo."

Mwanamume mmoja huko nyuma akaguna kwa kuridhika, mwingine akasema mzee amejipatia. Hawakuwa wakimdharau. Mwanamume mwenye mwanamke mafichoni aliheshimika pale kuliko mwanamume mwenye sindano, na baba alichagua heshima hiyo nami nikiwa natazama. Nililia kwa hasira. Nilichomoa ile kaptula chini ya godoro nikamwonyesha shangazi, lakini shangazi alikuwa ameshaanza kufunga nguo za mtoto kwenye kikapu.

Tuliwasindikiza stesheni. Ndugu yangu alikuwa amevaa koti lake, mkono mfukoni, anafurahia treni. Baba alimwinua akampandisha, halafu akachuchumaa kwenye ngazi ya behewa wakawa sawa uso kwa uso. Mtoto akamuuliza atakuja lini. Baba akatazama alipo shangazi, akamsogelea mtoto sikioni, na mimi niliyekuwa kando nikasikia.

"Kifungo kikikatika, niite. Nitakuja kukishona."

Usiniulize kwa nini alisema hivyo. Mzazi husema lolote treni ikikaribia kuondoka.

Kwetu ni nchi ya chini, ina joto na mbu. Mtoto aliyelelewa kwenye baridi ya Nakuru hakuwa na kinga ya homa ya huko, na siku hizo hatukuyajua mambo hayo, wala shangazi hakuyajua. Alimtunza vizuri. Alimpa maziwa, alimlaza karibu naye. Masika yalipofika homa ikamshika. Fundi mmoja wa reli alishuka na treni akaja na habari hadi yadi, na baba akaondoka vilevile na nguo za kazi, akanipitia shuleni.

Tulifika ndugu yangu ameshafariki. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyumbani kwa shangazi, ameoshwa, wanawake wamekaa kuzunguka, wanaume wako nje chini ya miti na wengine wamesimama mlangoni. Mlango ule nao ulikuwa umejaa watu. Shangazi alikuwa ameshika lile koti la majivu. Alisema mtoto hakukubali kulivua hata kwenye jua kali, kwa hiyo ameona azikwe nalo. Lakini lilikuwa wazi kifuani. Halikuwa na hata kifungo kimoja.

"Tangu afike alikuwa akivivuta," shangazi akasema. "Kila kukicha anavuta hiki, anavuta kile, anakaa njiani. Anasema kimekatika, sasa baba atakuja. Mimi nikadhani ni utundu. Nikamchapa, ndugu yangu. Nilimchapa kwa kuharibu nguo."

Baba alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye ule mfuko mdogo wa kifuani, akavitoa vifungo vyote. Havikupotea hata kimoja. Kisha akamnyooshea dada yake mkono, na shangazi, kabla ya kuelewa, akachomoa sindano kwenye ukosi akampa.

Alishona pale mkekani, mbele ya wanawake, mbele ya wazee waliokuwa wamempa watoto kwa masharti, mbele ya kila aliyekuwa mlangoni. Alilowesha uzi kwa mate. Alishona kimoja akafuata kingine, taratibu, mishono midogo iliyokaa sawa, na hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani mmoja acheke ili angalau tumjue. Shangazi alikuwa akiitazama mikono. Aliinama akapapasa bega la koti, akapapasa mfuko, akatazama tena mikono ya mdogo wake. Niliuona uso wake ukibadilika. Akakaa chini.

"Ulikuwa wewe," akasema. "Mama yangu! Ulikuwa wewe, na nilikupa sindano mkononi. Kwa nini hukushona?"

"Niliogopa watu."

"Watu gani?"

Baba alisimamisha sindano. Alijaribu kukumbuka, nilimwona akijaribu, akitafuta hata uso mmoja wa wale waliokuwa mlangoni kwetu siku ile. Kisha akainama, akakata uzi wa kifungo cha mwisho kwa meno, akamfunga mwanawe koti hadi shingoni.

"Watu tu, dada," akasema.